Vipele vya poison ivy vinavyorudi kila mara: fuatilia mafuta, si ngozi peke yake

Marekani na kusini mwa Kanada kuna mmea wa porini unaoitwa poison ivy. Watu wengi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo hukutana nao kwenye kazi za bustani, kufyeka kando ya barabara, kujenga uzio, au watoto wanapocheza nyuma ya nyumba. Mkono unaanza kuwasha, vipele vinatokea kwa mistari, kisha yanafuata malengelenge. Unapaka dawa, vinapoa. Baada ya wiki mbili vinarudi, na msimu unaofuata hali ni ileile. Wengi huishia kuamini kwamba sumu imeshaingia kwenye damu, au kwamba wameambukizwa na mtu wanayelala naye chumba kimoja.

Damu haihusiki, na mwenzako hajakuambukiza. Mara nyingi vipele vinavyorudi huletwa na mafuta ya mmea huo yaliyobaki kwenye kitu unachokishika kila siku, au na dawa iliyokatishwa mapema. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuyasaka hayo mafuta mpaka yaishe, na jinsi ya kujitibu wakati huo.

Hatua ya 1: Elewa kinachokuwasha

Aivi (ndivyo nitakavyoiita kwa kifupi) ina utomvu wenye mafuta yanayoitwa urushioli. Mafuta hayo yamo kwenye majani, shina, mizizi na matunda, na hubaki humo hata wakati wa baridi ambapo mmea hauna jani hata moja. Jani lisiloumizwa huyaficha ndani. Likikwanguka, likikanyagwa au likikatwa, yanatoka. Hayana harufu, na kwenye ngozi huyaoni.

Kinachokusumbua ni mzio. Kinga ya mwili inayatambua mafuta hayo kama adui na kuishambulia ngozi pale yalipogusa. Inakadiriwa kwamba hadi asilimia 85 ya watu wana uwezo wa kupata mzio huu. Mara ya kwanza unapoyagusa unaweza usione kitu, au vipele vikachelewa hata wiki mbili au tatu. Mwili ukishayajua, safari inayofuata vinatokea baada ya siku moja mpaka tatu hivi. Shika hapo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea: vipele vilivyotokea Jumatano asubuhi havikuletwa na ulichokishika Jumatano asubuhi. Rudi nyuma hadi Jumatatu, hata Jumapili, ujiulize ulivaa nini, ulishika kifaa gani, ulibeba kuni zipi.

Ukoo wa mmea huu tunaufahamu tangu nyumbani. Aivi, mkorosho na mwembe ni ndugu. Mafuta ya ganda la korosho yanayochoma vidole vya wabanguaji kule Mtwara na Lindi, na utomvu wa embe unaowatoa watu vipele pembeni mwa mdomo, yana kemikali zinazokaribiana sana na urushioli. Kwa hiyo mtu ambaye ngozi yake ilishachukizwa na ganda la korosho au utomvu wa embe anaweza kuwashwa na aivi mara ya kwanza tu anapoigusa. Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1982, jimboni Pennsylvania, watu walipata vipele kama vya aivi baada ya kula korosho zilizotoka Msumbiji zilizokuwa zimechanganyika na vipande vya maganda. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa vizuri hazina shida hiyo kwa wengi, na nyama ya embe pia. Hatari iko kwenye ganda la korosho, na kwenye ngozi na kikonyo cha embe. Ukishakuwa na mzio wa aivi, menya embe kabla ya kula, usiling'ate na ganda lake. Na ikiwa mikono yako huwashwa ukimenya, mwachie mwingine akumenyee.

Hatua ya 2: Ujue mmea kwa macho

Usitegemee rangi peke yake. Majani machanga ya masika huwa na wekundu na hung'aa, kiangazi yanakuwa ya kijani, na majira ya majani kupukutika yanageuka mekundu au ya chungwa yakapendeza kiasi cha mtoto kutaka kuyachuma. Angalia mpangilio: kila kikonyo kina vijani vitatu. Cha katikati kina shina refu kidogo, viwili vya pembeni vimekaa karibu kabisa na kikonyo, na mara nyingi vina tumbo upande mmoja kuliko mwingine. Vikonyo hupishana kwenye tawi, kimoja kushoto na kingine kulia mbele zaidi. Havitoki viwili viwili vikitazamana. Mmea hauna miiba. Ukiona vijani vitatu vyenye miiba, huenda ni aina ya beri. Ukiona vijani vitano vimetoka sehemu moja, kuna uwezekano ni mtambazi mwingine unaofanana nao.

Aivi hutambaa chini, husimama kama kichaka kidogo, au hupanda mti. Inayopanda mti ndiyo inayowadanganya wengi wakati wa baridi. Shina lake hushikilia gome kwa vijizizi vingi vyembamba vya kahawia, mpaka linaonekana kama kamba nene iliyoota manyoya. Majani hayapo, mtu anadhani ni mzizi mkavu, analivuta kwa mikono mitupu au analikata pamoja na kuni. Usiguse kamba yoyote yenye manyoya iliyoupanda mti.

Matunda yake ni meupe na madogo, na ndege huyala kisha kudondosha mbegu walipotua. Ndiyo maana utaikuta zaidi chini ya uzio, chini ya miti na pembeni mwa mabanda. Ukipewa kazi ya kusafisha uzio, anza kwa kuangalia miguu ya nguzo.

Pwani ya magharibi, California na Oregon, kuna ndugu yake mwenye majani yanayofanana na ya mwaloni. Kwenye vinamasi vya mashariki kuna mwingine mwenye vijani 7 hadi 13 kwenye kikonyo kimoja. Mafuta ni yaleyale, na matibabu hayabadiliki.

Hatua ya 3: Ukigusa, osha papo hapo

Dakika za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Ukiosha ndani ya dakika 10 unaweza kuondoa sehemu kubwa ya mafuta. Nusu saa ikipita, mengi yameshaingia kwenye ngozi. Hata hivyo osha tu ingawa umechelewa, maana unayazuia yasihamie usoni, kwa mtoto au kwenye shuka.

Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji mengi ya baridi au vuguvugu. Chukulia kwamba mkono umepakwa grisi ya gari: ukipitisha maji na povu haitoki, inabidi usugue. Chukua kitambaa, sugua ngozi bila kuichubua, suuza kabisa, kisha rudia mara ya pili na ya tatu. Safisha chini ya kucha, katikati ya vidole na kiwiko. Usioge kwenye beseni wala kwenye bafu la kujaza maji, kwa sababu mafuta yatasambaa mwili mzima. Simama chini ya bomba.

Madukani kuna sabuni maalumu za aivi zenye bei kubwa, Tecnu ikiwa mojawapo. Zinafanya kazi. Lakini utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Tecnu, Goop ambayo mafundi magari hutumia kuondolea grisi, na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, na haukuona tofauti kubwa kati yake. Kwa maoni yangu, chupa ndogo ya sabuni ya vyombo, galoni ya maji na vitambaa viwili ndani ya gari ni kinga bora kuliko dawa ghali iliyoachwa kabatini nyumbani. Kama maji hayapo, futa na spiriti kwenye pamba au kitambaa, tupa kitambaa, kisha uoshe mara upatapo maji.

Hatua ya 4: Safisha vitu vyote vilivyoguswa

Hapa ndipo tatizo la kurudia linapomalizwa, kwa hiyo usiharakishe. Kwenye kitu kikavu urushioli inaweza kubaki na nguvu kwa miaka, hata mitano. Mkasi wa bustani uliowekwa stoo mwezi wa kumi unaweza kukuwasha mwezi wa nne mwaka unaofuata, hata kama hujakanyaga majani mapya.

Kamba za viatu ndizo ninazoanza kuuliza mtu akiniambia kwamba vipele vyake havieleweki. Buti limepita kwenye aivi mchana kutwa. Jioni mtu anavua glavu, anaosha mikono vizuri, halafu anainama na kufungua kamba kwa vidole vitupu. Vidole vinagusa shingo, kope, na akienda haja vinagusa sehemu za siri. Siku mbili baadaye uso umevimba naye anaapa kwamba aliosha. Ni kweli aliosha, lakini kabla ya kuvua viatu. Badilisha mpangilio: vua viatu na nguo za kazi ukiwa na glavu bado, na mikono iwe ya mwisho kuoshwa.

Nguo za kazi zifue peke yake, kwa sabuni na maji ya moto, mashine ikiwa imejaa maji kiasi cha kutosha. Usizitupe kwenye kapu pamoja na nguo za watoto, wala usizikung'ute. Kamba za viatu zitoe uzifue nazo. Buti lifute kwa kitambaa chenye spiriti au sabuni nyingi, nyayo pamoja na ulimi wake.

Kisha pitia vifaa vyote, ukiwa umevaa glavu za kutupa: mipini ya panga, fyekeo na reki, kishikio cha mashine ya kukatia nyasi, mkono wa toroli, funguo, usukani na gia, mkanda wa gari, kasha la simu, kofia, saa, miwani, chupa ya maji. Futa kwa spiriti, au osha kwa sabuni na maji mengi. Glavu za ngozi au za kitambaa zilizolowa utomvu hazisafishiki vizuri. Ni afadhali kuzitupa. Glavu nyembamba za mpira aina ya latex hazitoshi pia, kwa sababu mafuta yanapenya. Tafuta glavu nene za vinaili.

Mbwa na paka kwa kawaida hawapati vipele, kwa kuwa manyoya yanawakinga, lakini hubeba mafuta na kukuletea hadi kwenye kochi. Mbwa anayezurura vichakani aogeshwe kwa shampuu yake, nawe ukiwa na glavu ndefu. Hata nyumba isiyofanya kazi yoyote ya bustani inaweza kupata vipele kwa njia hii.

Hatua ya 5: Tuliza ngozi bila kuiumiza zaidi

Vipele vikishatokea, vitakaa kati ya wiki moja na tatu. Hakuna dawa ya kupaka inayovifuta usiku mmoja. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Mara nyingi vinaonekana vya zambarau, vya kijivu au vyeusi kuliko ngozi iliyovizunguka, na baadhi ya watendaji wa afya huvikosea kwa sababu hiyo. Waonyeshe mistari na malengelenge, na uwaambie waziwazi ulifanya kazi kwenye vichaka.

Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, kiwekwe robo saa hadi nusu saa mara kadhaa kwa siku, hupunguza muwasho kuliko watu wanavyofikiri. Losheni ya kalamaini inasaidia kukausha. Kuoga maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na unga laini wa oti kunasaidia pia, ilimradi mafuta yameshaoshwa kwanza. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inayouzwa bila cheti inafaa vipele vichache vya mwanzo. Malengelenge yakishajaa haina nguvu ya kutosha. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi vinaweza kukusaidia kulala, ila usiendeshe gari wala mashine ukiwa umevimeza.

Usipake jiki, petroli, wala ndimu na chumvi. Usijimwagie maji ya moto sana eti kwa sababu yanapunguza muwasho kwa dakika chache. Unaunguza ngozi iliyokwisha kuumia. Epuka krimu za mzio kama Benadryl na zile za kufa ganzi, maana zenyewe zinaweza kukuletea mzio mwingine juu ya ule wa kwanza. Malengelenge usiyatumbue. Yakipasuka yenyewe, acha ngozi ya juu ibaki, osha, paka vaselini, funika.

Majimaji ya malengelenge hayaambukizi na hayasambazi vipele. Vinaonekana kama vinasambaa kwa sababu ngozi nyembamba ya mkono au shingo huwahi, na ngozi nene huchelewa siku kadhaa. Sehemu iliyopata mafuta mengi pia hutangulia. Mke au mume asihamishwe kitanda. Lakini kama vipya vinaendelea kutokea baada ya wiki nzima, rudi hatua ya 4, kuna kitu bado hujakisafisha.

Hatua ya 6: Nenda kwa daktari kwa wakati, na umalize dozi

Piga 911 mara moja kama unashindwa kupumua au kumeza, au ukivuta moshi wa aivi inayoungua ukaanza kukohoa na kubanwa kifua. Nenda kliniki siku hiyohiyo ikiwa uso au macho yamevimba, vipele vimefika sehemu za siri au vimeenea mwili mwingi, una homa, vinatoa usaha, au hulali. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinawajibika kukupatia mkalimani bila malipo. Omba wa Kiswahili, usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Kwa hali kali daktari huandika krimu ya steroidi yenye nguvu, au vidonge vya prednisoni, ambayo nayo ni steroidi. Kuwa makini na vidonge. Dozi ya kutibu aivi kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu, ikipunguzwa kidogo kidogo. Kuna pakiti za siku sita ambazo hutolewa mara nyingi, nazo humpa mtu nafuu ya haraka, kisha zikiisha vipele vinarudi, wakati mwingine kwa ukali kuliko mwanzo. Mgonjwa anadhani ameguswa upya, kumbe dawa iliisha kabla ya mzio kuisha. Uliza kabla ya kutoka: dozi hii ni ya siku ngapi, na nifanye nini vikirudi? Ukipata nafuu siku ya nne, usiache.

Mweleze daktari kama una kisukari, presha, vidonda vya tumbo, au u mjamzito, kwani prednisoni hupandisha sukari na presha. Mwambie pia nchi uliyotoka na kambi ulizopitia. Katika maeneo ya joto kuna minyoo inayoitwa strongiloidi, inayoweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili kisha ikasambaa kwa hatari mtu anapotumia steroidi. Madaktari wengi wa huko hawaifikirii mpaka watajiwe. Ukitaja kwamba umeishi Kongo, Burundi, Uganda au Tanzania, wanaweza kukupima au kukutibu kwanza.

Hatua ya 7: Kazini na nyumbani

Vaa mikono mirefu, suruali iliyochomekwa kwenye soksi, na glavu za vinaili zinazopita kifundo. Sheria za usalama kazini za Marekani zinamtaka mwajiri agharamie vifaa vingi vya kujikinga, kwa hiyo kuomba glavu si kujipendekeza wala ujeuri. Vipele vya kazini vitoe taarifa mapema kwa msimamizi na uviandike tarehe. Majimbo mengi yana bima ya majeraha ya kazini.

Nyumbani, mmea mchanga ung'oe na mizizi udongo ukiwa umelowa mvua, uutie kwenye mfuko wa plastiki. Uliopanda mti ukate chini, uache sehemu ya juu ikauke hukohuko, halafu shughulika na kisiki kwa dawa ya magugu ukifuata maelezo ya chupa. Mmea mkavu nao una mafuta. Usiutie kwenye mboji, usiupitishe kwenye mashine ya kusaga matawi, na kwa vyovyote usiuchome moto. Moshi hubeba mafuta hadi kwenye mapafu. Mbuzi huila aivi bila kudhurika, na kuna watu Marekani wanaokodisha mbuzi kwa kazi hiyo. Anayewashika baadaye avae glavu.

Ikiwa bado vinarudi, na alama zinazobaki

Umesafisha kila kitu, umemaliza dozi, na bado unawashwa? Omba kupelekwa kwa daktari wa ngozi. Huenda si aivi kabisa: fangasi, utitiri wa ngozi, au mzio wa mpira wa glavu, sabuni au madini ya mshipi vinaweza kufanana nayo, na kuna kipimo cha kubandika viraka mgongoni kinachotambua mizio mingi ya namna hiyo. Usikubali kupimwa kwa kuwekewa aivi yenyewe, na usile majani yake kwa kuambiwa kwamba mwili utayazoea. Watu wameumia mdomo na utumbo kwa ushauri huo.

Vipele vikipona, ngozi nyeusi mara nyingi hubaki na madoa meusi kwa miezi. Hayo si sumu iliyobaki na hayana haja ya kukwanguliwa. Paka vaselini, kinga sehemu hiyo na jua, usiikune. Na tafadhali usiyafukuze kwa mkorogo: baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi kali iitwayo klobetasoli bila mtumiaji kujua, nazo hudhoofisha ngozi. Madoa yakikusumbua, mwonyeshe daktari wa ngozi wakati huohuo unapomweleza habari za vipele, na umpelekee kila krimu uliyokwisha kuipaka, na kopo lake.